Kufuli la bei poa nusura liue mtu!

NAOMBA leo nianze kwa swali la uchokozi kidogo, mpenzi msomaji. Ufunguo wa baiskeli yako unafungua baiskeli ngapi?

Usicheke. Hata mimi ningecheka kama ningeulizwa hivyo kabla sijaishi Bariadi. Ningekujibu kwa jeuri za mtoto wa Temeke: "Moja tu, ya kwangu!" Siku hizi sijibu haraka hivyo. Kuna siku jibu hilo lilitaka kumtoa mtu roho katikati ya mji, mchana kweupe, na aliyepiga yowe la kwanza nilikuwa mimi.

Ilianza hivi. Mwaka 2008 nilikuwa ndo kwanza nimemaliza mafunzo ya ualimu, yale ya chapchap yaliyowafanya watani watubatize jina la "voda fasta". Nikapangiwa shule ya kata, kilometa tisa hivi kutoka Bariadi mjini. Enzi hizo Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na ndipo Bariadi ikapanda cheo ikawa makao makuu. Lami ilikuwa haijafika. Mtoto wa mjini niliyezoea kuning'inia kwenye mlango wa daladala, nikauliza kituo kiko wapi. Wakanionyesha kijana amekaa juu ya baiskeli yenye mto laini kwenye keria. "Daladala yenyewe hiyo hapo, mwalimu. Panda."

Usukumani baiskeli si kitu cha mazoezi wala cha kuuzia sura ufukweni. Ile ndiyo pikapu ya nyumbani. Inabeba magunia ya pamba, madumu ya maji, mkaa, mbuzi wa mnadani, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, hata bibi harusi na shangazi yake kwa zamu. Na karibu zote zilikuwa za aina moja: Phoenix ya Mchina, nyeusi tii, fremu nzito, keria pana nyuma. Ukizipanga kumi chini ya mti, utadhani ni mapacha kumi wa mama mmoja.

Nami nikajikamua, nikanunua ya kwangu kwa shilingi 95,000, zaidi ya nusu ya mshahara. Nikaifunga na lile kufuli la duara ambalo watu wengi wanalo, linalokaa nyuma chini ya tandiko. Unalijua: ukisukuma, chuma kinapita katikati ya spoku, gurudumu linagoma kuzunguka, unachomoa ufunguo, unatia mfukoni, unaondoka ukipiga mluzi. Ukifungua, ufunguo unabaki humo humo kwenye kufuli mpaka ufunge tena.

Wee! Kumbe nilikuwa nimefunga gurudumu, sijafunga baiskeli.

Jioni moja nikaenda banda la video kuangalia mpira. Nikaiegemeza ukutani, kufuli la duara likiwa limefungwa barabara. Mechi ilipokwisha nikatoka, ukuta upo, baiskeli hakuna. Nikashika kichwa. Wenyeji hawakushika kichwa, waliwasha tochi wakainama chini. Watu wa kule wamelelewa na ng'ombe, kusoma nyayo kwao ni kama wewe kusoma gazeti hili. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, angalia. Tairi lililokanyaga chini ni la mbele peke yake. Jamaa kainyanyua nyuma, akaiburuza kwa gurudumu moja." Tukafuata ule mstari mpaka barabara kubwa ya changarawe. Pale malori ya pamba na mikokoteni ya ng'ombe yalishapita, na mstari ukafa. Jamaa alikwishaingia mitini.

Nililala na hasira ambayo sijawahi kulala nayo. Nikawa namfikiria Muhammad Ali. Mnajua alianzaje ngumi? Mwaka 1954, pale Louisville, Marekani, alikuwa kijana wa miaka 12 akiitwa Cassius Clay. Baiskeli yake nyekundu aina ya Schwinn ikaibwa. Akaenda kwa polisi mmoja, Joe Martin, akilia kwamba akimpata mwizi atamtwanga. Martin, ambaye pia alikuwa mwalimu wa ngumi, akamwambia ajifunze kwanza kupigana. Baiskeli haikupatikana, ila dunia ikapata bingwa, yule yule aliyetua Dar es Salaam mwaka 1980 akitumwa na Rais Carter kuomba tususie Olimpiki ya Moscow. Nikasema na mimi, siku nikimpata wangu, ole wake.

Tofauti ni kwamba Ali hakumpata mwizi wake. Mimi nilimpata. Tatizo, hakuwa mwizi.

JINZI IKASHINDA MNYORORO

Baada ya miezi kadhaa nikapokea fungu langu la upatu wa walimu, nikanunua baiskeli ya pili. Phoenix nyeusi vilevile. Fundi akanishauri kiungwana: "Mwalimu, umeshalizwa mara moja. Chukua mnyororo huu na kufuli hili zito, vyote shilingi 9,000, uwe unafunga kwenye mti." Pembeni kulikuwa na kufuli jingine la duara la shilingi 2,500. Na mfukoni nilikuwa na mahesabu ya jinzi moja ya mtumba niliyokwisha iona sokoni, inanikaa kama nilizaliwa nayo.

Mahesabu ya ujana unayajua. Jinzi ikashinda. Nikabandika kufuli la 2,500, nikajipa moyo kwamba safari hii nitakuwa naiegesha penye watu wengi tu.

Basi bwana, mwishoni mwa Julai 2009, msimu wa pamba umechanganya, mji umejaa watu na hela. Nami nimekuja kuchukua mshahara. Nikaiegesha chini ya mwarobaini karibu na soko, kwenye msururu wa baiskeli nyingine. Nikafunga, nikaenda zangu kununua sabuni na mafuta ya taa. Narudi, namwona jamaa wa makamo, shati la kijivu, anaikokota baiskeli kutoka kwenye ule msururu. Nikaangalia madigadi la nyuma. Lilikuwa limebonyea kidogo upande wa kushoto, pale nilipogonga kisiki wiki moja nyuma. Baiskeli yangu!

Sikumwita. Sikumkimbilia nikamshika bega. Nilifungua mdomo, na hasira yote ya mwaka ule ikatoka kwa neno moja: "Mwizi!"

Msomaji, kama hujawahi kulipiga neno hilo sokoni, usije ukalijaribu. Ni kama kutupa kiberiti kwenye mapipa ya petroli. Sijamaliza kusema mara ya pili, watu zaidi ya ishirini wamemzunguka. Wengine hata mimi hawakuniona, hawakuuliza kaiba nini wala kwa nani. Fimbo ya kwanza ikamtua begani. Jiwe likampata juu ya jicho, damu ikamwagika mpaka kwenye kola.

Yule baba alikuwa anapiga kelele, "Ni yangu! Ni yangu! Ufunguo huu hapa!" Na kweli ufunguo ulikuwa kwenye kufuli, kaifungua bila kuvunja. Kumbe hicho ndicho kilizidi kumponza. Mtu mmoja akadakia, "Ana ufunguo malaya huyo! Ndo hao hao wanaotumaliza!" Kila aliyewahi kuibiwa baiskeli wilaya nzima akawa amempata mwizi wake. Nikasikia sauti nyuma inauliza tairi bovu liko wapi.

Hapo ndipo magoti yalianza kunilegea. Tairi kwenye mkusanyiko wa namna ile halitafutwi kwa ajili ya gari.

MZEE NA FUNGUO MBILI

Aliyemwokoa ni mzee mmoja mwenye koti refu na fimbo ya kuchungia. Baadaye niliambiwa alikuwa kiongozi wa sungusungu kijijini kwake, wale walinzi wa jadi walioibuka kule Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokuwa umeshinda serikali. Wengi huwajua sungusungu kwa ukali wao. Huyu aliingia katikati, akasimama juu ya yule baba aliyekuwa keshaanguka chini, akasema, "Atakayerusha tena anirushie mimi." Mawe yakanywea.

Akamuuliza yule baba, "Ng'wanawane, wewe mjini umekuja na nini?"

"Baiskeli, mzee."

"Iko wapi?"

Yule baba akaangalia ile aliyokuwa anaikokota. Akaangalia madigadi. Kisha akageuza uso uliojaa damu kuelekea kwenye mwarobaini, na mkono ukaanza kutetemeka. Hatua kama sita kutoka nilipoegesha yangu ilikuwepo Phoenix nyeusi, ina kufuli la duara kama langu, imefungwa, haina mwenyewe.

Mzee akaninyooshea mimi kiganja. "Mwalimu, lete ufunguo wako."

Nikampa. Akaenda taratibu mpaka kwenye ile baiskeli, akainama, akauchomeka. Kla! Kufuli likaruka. Ufunguo wangu umefungua baiskeli ambayo sijawahi kuigusa tangu nizaliwe.

Soko lote kimya. Mzee akaugeukia umati. "Kama huyu ni mwizi," akasema, "basi na mwalimu naye ni mwizi. Tuanze na yupi?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja mmoja wakaanza kukumbuka wana shughuli nyingine. Waliokuwa na mawe waliyaangusha polepole, kama vile yaliwaangukia mkononi kwa bahati mbaya.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nimempakia kwenye keria ya baiskeli ile ile. Alishonwa nyuzi juu ya jicho, nikalipa mimi. Kumbe alikuwa kauza pamba, kaja mjini kuwanunulia watoto madaftari. Mfuko wa madaftari haukuonekana tena, nikaulipa nao. Hakunitukana. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa aliniambia maneno matatu tu ambayo mpaka leo yananitoa usingizini: "Mwalimu, ungeniita kwanza."

SHULE NILIYOIPATA

Jioni ile nilirudi kwa fundi kama mwanafunzi mtoro. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha. Nakupa na wewe bure, maana wizi wa baiskeli Bariadi na wizi wa baiskeli Kariakoo ni mtu na mdogo wake.

Kwanza, uelewe kwa nini ufunguo wangu ulifungua kwa mwenzangu. Kufuli la bei ya kutupa lina meno machache ndani, na mtengenezaji huchonga funguo za mitindo michache tu, kisha anairudia rudia. Likishakula vumbi la mwaka mzima linalegea, halichagui tena. Kabla ya kulipa, omba funguo za makufuli mengine mawili matatu ya aina hiyo hiyo hapo dukani, ujaribu. Muuzaji atakununia, mwache anune.

Wala usidhani ni ushamba wetu peke yetu. Mwaka 2004 Marekani ilikuwa kasheshe: yale makufuli ya umbo la U ya Kryptonite, yanayosifika dunia nzima, yaligundulika kwamba aina zake zenye ufunguo wa duara zinafunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic! Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja bure. Kwa hiyo ukikuta kufuli la ufunguo wa duara kama bomba, kwa jina lolote lile, pita kushoto.

Pili, pima chuma. Makufuli mengi yanayong'aa kama shaba ni bati la chuma lililopakwa rangi. Chukua sumaku ya spika mbovu: shaba halisi haishikani na sumaku. Upinde wa juu nao uupitishie tupa mahali pasipoonekana. Tupa likiuma, hata jino la msumeno litauma. Likiteleza kama juu ya kioo, huo umekomazwa. Mnyororo ni hivyo hivyo. Na zile nyaya zilizovishwa plastiki ya rangi rangi, zinazopendwa na vijana wa mjini kwa sababu hazina uzito, ni za kumzuia mtoto wa jirani asizungushe baiskeli. Mwenye mkasi wa kukatia nyaya anazimaliza kabla hujamaliza soda.

Tatu, na hili ndilo lililonigharimu baiskeli ya kwanza: funga baiskeli kwenye kitu. Mnyororo upite kwenye fremu, upite na gurudumu la nyuma, kisha uzunguke kitu kisichong'oka, kama nondo za dirisha au mti mnene. Kijiti utang'olewa nacho. Nguzo fupi isiyo na kichwa nayo haifai, mtu anainyanyua baiskeli juu na kuivua kama pete. Usifunge gurudumu la mbele peke yake, maana utarudi ukute umetunziwa gurudumu. Na hizi baiskeli za mtumba za gia, nyingi magurudumu yake yanafunguka kwa kitasa cha mkono, bila spana. Hizo zifunge magurudumu yote mawili, la sivyo wezi watagawana.

Nne, usiache mnyororo ukalegea wala kufuli likalala chini. Likigusa ardhi, jiwe moja chini na nyundo moja juu zinatosha. Kukiwa na nafasi kubwa, mtu anapenyeza mtaimbo na kukamua. Tundu la ufunguo lielekee chini, mvua na vumbi visiingie. Likianza kuwa gumu usilimiminie mafuta ya kula, yanakamata vumbi na kugeuka ugali. Mimi nasaga risasi ya penseli, napuliza unga wake ndani. Faida ya ualimu hiyo. Mnyororo uvishe tyubu kuukuu ya baiskeli, usikwaruze rangi.

Tano, jua namba yako. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye fremu, aghalabu chini ya ekseli ya pedeli au karibu na tandiko. Iandike, itunze pamoja na risiti. Halafu weka alama unayoijua wewe, na nyingine inayoonekana na kila mtu hata akiwa na haraka. Kama ningekuwa nimefunga hata kitambaa chekundu kwenye usukani, yule baba asingegusa baiskeli yangu, na leo asingekuwa na kovu juu ya jicho.

Mwisho, fundi aliniambia jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu anayeuza makufuli. Hakuna lisilokatika. Unachonunua ni dakika. Lile bovu linakupa nusu dakika, lile zuri linakupa kumi. Lakini dakika hizo hazina maana kama hakuna mtu wa kuziona. Ndiyo maana tangu siku ile, kabla sijaondoka, namsalimia mama muuza karanga au kijana wa kutengeneza viatu aliye jirani na baiskeli yangu. Bariadi nilikuwa nasema "Mwangaluka", nanunua kitu kidogo, naonyesha, "Ile pale ni yangu." Akijua yangu ni ipi, atajua pia ya mwenzangu ni ipi.

Nilihama Bariadi baadaye. Nasikia siku hizi lami ipo na bodaboda zimejaa, ingawa Phoenix bado zinabeba mizigo yake. Mnyororo wa fundi ninao mpaka leo. Niliununua kesho yake asubuhi, baada ya kuiuza ile jinzi kwa hasara.

Kwa hiyo, mshikaji wangu unayesoma hapa, leo ukirudi nyumbani fanya jaribio moja. Muombe jirani ruhusa, kwa heshima, ujaribu ufunguo wako kwenye baiskeli yake. Ukigoma, mshukuru fundi wako. Ukifungua, mkanunue makufuli mapya wote wawili.

Na siku ukimwona mtu anaikokota baiskeli yako, kabla hujalitoa lile neno mdomoni, muite kwanza.